Saa 4 hazimtoshi binti wa kidato cha pili

Mhariri, mbukwenyi. Wiki iliyopita mliuliza mtu anahitaji kulala saa ngapi kwa usiku mmoja, na jibu la kwanza mlilochapa lilikuwa la bwana aliyesema saa 4 zinamtosha kila mwenye malengo, zaidi ya hapo ni uvivu. Nimelisoma mara mbili. Nina miaka 19 ya umatroni katika mabweni ya wasichana hapa Dodoma, na kama kuna kitu nimekitazama kuliko watu wengi, ni watu waliolala. Jibu lile limeniuma, kwa sababu najua wapo wazazi na walimu watakaolishika.

Watu hawafanani. Pita na tochi bwenini saa 8 usiku utaona. Yupo anayelala usingizi wa pono, ukimtikisa anageukia ukutani na kuendelea. Yupo ambaye nikigusa kitasa tu ameshafumbua macho. Na mara moja moja, si kila mwaka, nampata binti anayeamka mwenyewe saa 9, anakaa kimya kitandani akisubiri wenzake, na mchana kutwa darasani humuoni akisinzia. Huyo ndivyo alivyoumbwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, akiwemo Ying-Hui Fu, walieleza habari za mama na bintiye waliokuwa wakilala kwa saa 6 na dakika chache tu na kuamka wazima kabisa. Wote wawili walikutwa na badiliko moja katika jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo DEC2. Watu wa namna hiyo ni wachache mno. Huenda bwana wa saa 4 naye ana lake alilozaliwa nalo, lakini haliwezi kuwa sheria kwa watoto wa wenzake.

Umri nao una yake. Mama yangu, mzee wa Mvumi, akishakula saa 1 jioni anaanza kupiga miayo, na saa 9 usiku yuko macho. Tulipokuwa wadogo tukilala kwenye tembe, ndiye aliyesikia fisi akizunguka zizi kabla mbwa hawajabweka. Nilidhani ni woga wa mama tu. Baadaye nikasoma kuhusu utafiti uliotolewa mwaka 2017 juu ya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, majirani zetu wa kaskazini. Watu wazima 33 walivalishwa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika saa zaidi ya 220 zilizopimwa, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Wazee huwahi kulala na kuwahi kuamka, vijana huchelewa, na hivyo kambini hakukosi aliye macho. Nilipomaliza kusoma nilimpigia mama simu. Alisema, "Mwanangu, sasa mlidhani nani alikuwa analinda ng'ombe?"

Hapo kwa vijana ndipo ninapotaka tukae.

Mtoto akibalehe, saa ya mwili wake inasogea mbele. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, kwake inachelewa kutoka kuliko kwa mtoto mdogo au mtu mzima. Kwa hiyo saa 3 usiku bado macho makavu, na alfajiri ndiyo kwanza usingizi umekolea. Wataalamu wa Marekani waliotoa mwongozo mwaka 2015 walipendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 14 hadi 17, saa 7 hadi 9 kwa mtu mzima, na saa 7 hadi 8 kwa aliyefikisha miaka 65. Yaani binti wa sekondari anahitaji usingizi kuliko mwalimu anayempigia kengele.

Shule niliyoanzia kazi, jina nitaliacha, prepo iliisha na taa zikazimwa saa 5 usiku. Kengele ilikuwa saa 10 alfajiri. Hesabu mwenyewe. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, upepo wetu ule wa Dodoma unakata masikio, nilimkuta binti wa kidato cha pili bombani. Ameinama, mswaki mdomoni, povu limemkauka kidevuni, mkono umeshika mpini wa ndoo. Ndoo imejaa, maji yanamwagikia kandambili zake, maji ya baridi kama barafu, naye hana habari. Alikuwa amelala. Nilipomgusa bega akashtuka: "Shikamoo matroni, nipo macho." Kabla ya saa 4 asubuhi alikuwa amechapwa viboko viwili kwa kusinzia kwenye kipindi cha hesabu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikusema neno. Kimya kile hakijanitoka moyoni mpaka leo.

Nilipolipeleka jambo hilo ofisini niliambiwa watoto watazoea. Hilo ndilo neno linalodanganya watu wengi, hata watu wazima. Mwaka 2003 ulitolewa utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ambapo watu wazima wenye afya waliruhusiwa kulala kwa saa 6 tu kila usiku, wiki 2 mfululizo. Umakini wao ulishuka siku baada ya siku, mpaka wakawa kama watu waliokesha usiku mzima, na wenyewe wakijiona wamechoka kidogo tu. Mtu hauzoei upungufu wa usingizi. Anachozoea ni kutojua kwamba anao.

Shule niliyopo sasa ina mkuu anayesikiliza. Taa zinazimwa saa 3 na nusu, kengele ni saa 11 na nusu, na wanaotaka kujisomea zaidi wanapewa muda baada ya chakula cha mchana. Tulibishana sana mpaka kufika hapo, wazazi wengine walisema tunawadekeza. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba foleni ya asubuhi ya wanaoomba dawa ya kichwa mlangoni kwangu imepungua, na ugomvi wa ndoo bombani pia. Yule anayeamka saa 9 mwenyewe namruhusu akae kwenye chumba changu cha zamu, na taa.

Mimi mwenyewe nalala kwa saa 7 kila usiku, nikipata 6 siku mbili mfululizo naanza kusahau majina ya watoto.

Wazazi, nina ombi moja. Binti akirudi likizo, siku za kwanza atalala mpaka saa 3 au 4 asubuhi, na mtaniandikia kwamba shule imemharibu. Msimwamshe. Anafidia usingizi aliokosa. Mwacheni alale mapema, simu ibaki sebuleni, aamke bila kuitwa. Kuanzia siku ya tano au ya sita andikeni alilala saa ngapi na aliamka saa ngapi, kisha nileteeni karatasi hiyo siku ya kufungua shule. Nitaiweka kwenye faili lake, pamoja na cheti cha bima.