Kabla Hujamwalika Mwimbaji wa Opera Kwenye Gala ya Okestra Yenu

Wiki iliyopita nimepata meseji kutoka kwa dada mmoja aliye kwenye kamati ya okestra yao, anasema, "Dada, tumeamua mwaka huu na sisi tufanye gala ya kuchangisha pesa na tumwite mwimbaji wa opera, tumeona ya kwenu ilivyofana, tuanzie wapi?" Nimeisoma mara tatu. Nilitaka nimjibu palepale kwa mistari miwili nikaona haitatosha, maana hiyo aliyoiona imefana ni ya pili. Ya kwanza haikufana, na ndo iliyonifundisha kila kitu, kwa hiyo mdogo wangu vumilia, nitaanzia huko.

Kwa wasionijua, mimi napiga viola, ile ala inayofanana na violini ila ni kubwa kidogo. Miaka yote nimekaa katikati ya jukwaa, kwa hiyo nawaona waimbaji wageni kwa nyuma, na nyuma ya mwimbaji unaona mambo ambayo watu wa viti vya mbele hawayaoni. Tutafika huko.

Mwaka ule tulikuwa na hali mbaya kweli. Watu wakiona ukumbi umejaa wanadhani okestra ina hela, jamani, tiketi haziwezi kubeba okestra nzima ya simfoni peke yake. Una wapigaji sitini, sabini, themanini jukwaani, una kodi ya ukumbi wa onyesho na wa mazoezi, una noti za muziki za kukodi, yaani zile karatasi tunazosomea, una gari la kubeba besi, ile ala ya nyuzi kubwa kuliko zote, na ngoma za timpani, yote hayo kwa usiku mmoja. Ndo maana okestra nyingi duniani zinaishi kwa ruzuku, wadhamini na wafadhili. Kamati ikakaa ikaamua tufanye gala, na kila aliyeongea alikuwa anataja ile konseti ya Roma ya tarehe 7 Julai 1990, wale matenori watatu, waimbaji wa kiume wa sauti ya juu, Carreras, Domingo na Pavarotti, kwenye magofu ya bafu za kale za Caracalla. Wakasema na sisi tutafute tenori mwenye jina. Nikakabidhiwa kazi. Nilifurahi, siwezi kuficha, nilijiona nimeaminiwa.

Tenori akapatikana, jina lake lilikuwa kubwa na ada yake ilikuwa kubwa kuliko jina. Wakala wake akaleta mkataba, ada, ndege ya watu wawili, hoteli, nusu ya malipo kabla. Nikasaini. Ukijumlisha, kabla hatujauza tiketi hata moja tulikuwa tumeshatumia sehemu kubwa ya kile tulichotarajia kukipata.

Sasa sikiliza kilichotokea kwenye mazoezi, maana hili hakuna atakayekuambia. Kwenye orodha yake kulikuwa na ile aria, yaani wimbo wa mtu mmoja ndani ya opera, ya Rodolfo kwenye La bohème ya Puccini, ile anayomwimbia msichana aitwaye Mimì akiwa amemshika mkono wa baridi. Mtunza noti wetu akakodi noti, akagawa, tukafanya mazoezi bila yeye wiki mbili, ikawa nzuri kabisa. Anafika jana yake kabla ya gala, obo inatoa noti ya La, tunatyuni ala zetu, kondakta anayetuongoza anainua mkono, tunaanza, tenori anatusimamisha. Anasema kwa upole tu, "Mimi hii naiimba nusu toni chini."

Yaani wimbo wote ushuke hatua moja ndogo ya sauti. Ukumbi ukanyamaza. Hakuwa na kosa! Aria hiyo imeandikwa kwenye kii ya Re bemoli, yaani ngazi ya sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake, na noti yake ya juu kabisa ni Do ya juu, matenori wengi wanaishusha nusu toni, hiyo Do inakuwa Si, na wengi jukwaani wamezoea hivo miaka na miaka. Kosa lilikuwa langu, niliandika jina la aria kwenye mkataba sikuandika kii. Huwezi kuwaambia watu sabini "pigeni nusu toni chini" wakasoma tu kichwani, hasa watu wa horni na klarineti ambao tayari ala zao zinasoma tofauti na wengine. Mtunza noti akakaa usiku kucha na kompyuta anaandika upya, mimi nakata karatasi na kubandika kwa selotepu, saa kumi alfajiri bado tuna kurasa za violini za pili. Asubuhi ya siku ya gala yenyewe nilikuwa na macho mekundu na gundi kwenye vidole.

Usiku ukafika. Tenori aliimba vizuri mno, sitamwonea. Lakini programu yetu ilikuwa hivi, hotuba tatu mwanzo, kisha ovacha, kile kipande cha okestra cha kufungulia, kisha aria zake, mapumziko, kisha simfoni nzima, kisha ndo emsii aombe michango. Mgeni wetu akawa ameshaondoka wakati wa mapumziko, mkataba ulimruhusu. Watu wanasimama wanatafuta funguo za gari, emsii ambaye tulimkodi na hajawahi kusikia mazoezi yetu hata siku moja anawaambia "tuiunge mkono okestra yetu." Kuiunga mkono ifanye nini? Hakusema. Kadi za ahadi zilikuwepo mezani pale mlangoni, kalamu hazikuwepo. Nasema kweli, hapakuwa na kalamu, nikamwona mama mmoja amesimama na kadi anapekua mkoba, anapekua, akairudisha kadi mezani akaenda zake.

Tulipolipa madeni hakikubaki kitu cha maana. Kwenye kikao cha tathmini mwenyekiti akasema mbele ya watu wote, "Hii ndo shida ya kumpa kazi hii mtu anayejua kupiga viola tu." Sikujibu. Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo, na mwenye kuyasema akisoma hapa ajue hivo.

Baada ya hapo nilikaa miezi bila kutaka kusikia neno gala. Kilichonitoa ni kusoma. Nikaanza kutafuta wenzetu wa zamani walifanyaje konseti za kuchangisha, nikakuta Beethoven mwenyewe alivyohangaika. Tarehe 22 Desemba 1808, Vienna, Theater an der Wien, alifanya konseti ya kujipatia pesa yeye mwenyewe. Simfoni ya Tano na ya Sita zote zilisikika kwa mara ya kwanza usiku huo, na bado akaongeza konseto ya piano, yaani kipande cha piano na okestra, vipande vya misa, aria ya soprano, ile sauti ya juu ya kike, na fantasia yenye kwaya. Muda wa saa nne hivi, kwenye ukumbi wenye baridi kali! Mwimbaji aliyemtaka walishakorofishana, akaletwa binti mdogo ambaye alishikwa na hofu jukwaani, na ile fantasia ya mwisho ikavurugika mpaka ikabidi isimamishwe ianzwe tena. Nilisoma hiyo nikajisikia kama mtu ameniwekea mkono begani. Kama muziki wa namna ile haukuweza kuwabeba wasikilizaji saa nne za baridi, hotuba zetu tatu zingewabeba vipi?

Halafu nikasoma ya Handel. Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, Messiah, utunzi wake wa kwaya na okestra, kwa mara ya kwanza. Ilikuwa konseti ya hisani, wanawake waliombwa waje bila yale magauni ya kutanuliwa kwa mapete na wanaume waache panga zao, ili watu wengi zaidi waenee. Na pesa zilikwenda kwa wafungwa wa madeni na hospitali mbili, watu 142 wakatolewa gerezani kwa madeni yao kulipwa. Mia moja arobaini na wawili! Aliyenunua tiketi alijua kabisa hela yake inakwenda kufungua mlango wa nani. Nikairudia hata ile ya Roma tuliyokuwa tunaisifia, kumbe ilianza kwa ajili ya mfuko wa Carreras wa kupambana na leukemia, saratani ya damu, mtu aliyeugua akapona akasimama kuimba. Sisi tuliangalia majina matatu tukasahau sababu.

Hapo ndo nikaelewa. Watu hawampi hela mgeni, mgeni ameshalipwa na wanalijua hilo. Mgeni anafungua moyo tu, na moyo ukishafunguka lazima awepo mtu wa okestra yenyewe pale pale, mwenye jambo moja la kuomba. Mengine yote nitakayosema hapa yanarudi kwenye hilo.

Mwaka wa pili niliomba kazi ile ile. Walishangaa. Nikawaambia safari hii nachagua mwenyewe, nikamtafuta soprano ambaye jina lake halijai ukumbi lakini sauti yake inaujaza, na kabla ya kuongea hela nilimuuliza, uko tayari kubaki jukwaani wakati tunaomba? Akasema ndiyo. Nikaandika kwenye mkataba. Nikaandika kila aria na kii yake na toleo la noti anazotumia. Nikaandika na soprano wa akiba, maana sauti ni mwili, mwili ukipata mafua asubuhi hakuna dawa ya kuutibu jioni. Programu, aria tano tu, katikati yake okestra inapiga intermetso, vile vipande vifupi vya katikati, na ovacha fupi ili apumzishe koo, na jumla isizidi dakika tisini.

Mazoezini likatokea jambo lingine. Akaimba kwa nusu sauti, noti za juu anazigusa tu au anazishusha oktavu. Mwenyekiti alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi, nikaona meseji yake kwenye simu, "Huyu mbona hana sauti?" Nikamjibu atulie. Waimbaji wa opera hufanya hivo mazoezini, wanatunza sauti, kwa sababu usiku hawatumii maiki. Fikiria, mtu mmoja anasimama mbele ya okestra nzima bila maiki na anasikika mpaka kiti cha mwisho. Siri yake ni kwamba sauti iliyofunzwa, hasa za wanaume na za chini za wanawake, inakusanya nguvu kwenye masafa ya karibu 3,000 Hz, mahali ambapo okestra nguvu yake imepungua na sikio la binadamu linasikia vizuri sana, na soprano akipanda juu noti yenyewe inapita juu ya wote. Kwa hiyo tafadhali, msimwekee maiki kwa kumsaidia, na msipange meza za chakula ndani ya ukumbi anapoimba, kijiko kikigonga sahani kinapigania masafa yale yale na yeye. Chakula kabla au baada.

Usiku wa gala nilikuwa kwenye kiti changu cha viola, hatua tano nyuma yake. Niliona mbavu zake zinafunguka kwa nyuma kabla ya kila mstari, gauni linatanuka, linatulia, halafu ndo sauti inatoka, na sisi tukajifunza kuvuta upinde pamoja na zile mbavu kuliko kumwangalia kondakta. Aria ya mwisho kabla ya maombi ilikuwa ya taratibu. Aliposhusha noti ya mwisho hakuna aliyepiga makofi kwa muda, unajua ule ukimya ambao mtu anaogopa hata kukohoa.

Makofi yalipoisha hatukuruhusu mtu asimame. Kijana wetu wa besi akaja mbele ameikumbatia besi yake, akaigeuza kwenye taa, ufa unaonekana kutoka shimoni mpaka pembeni, umejazwa gundi mara tatu. Akasema, "Besi hii ni ya okestra, nimeipiga miaka minane. Ikipata baridi inalia. Tunaomba besi mbili mpya, na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vijana kumi na wawili." Akanyamaza. Hakumaliza hata dakika mbili. Soprano kasimama pembeni yake kamwangalia kama anavyoangaliwa mwenzako, na kadi zilikuwa juu ya kila kiti, kila kadi na kalamu yake. Mfadhili mmoja alikuwa ameshatuahidi mapema kwamba kila kitakachotolewa usiku ule ataongeza kiasi hicho hicho mpaka kikomo alichotupa, tukalitangaza hapo hapo. Wakati kadi zinakusanywa okestra inapiga, zilipohesabiwa akaimba wimbo wa nyongeza. Tulivuka lengo. Nililia kwenye kiti changu na viola mapajani, sioni aibu.

Mwenyekiti alinipa mkono baadaye. Yale maneno ya kikaoni hajayafuta.

Sasa mdogo wangu, na wote mnaopanga hili, nisikilizeni. Acheni kukimbilia jina. Acheni kujaza hotuba, mfadhili hajavaa akatoka nyumbani kuja kusikiliza salamu za kamati. Ombeni jambo moja linaloonekana kwa macho, aombe mpigaji, aombe baada ya wimbo unaogusa kuliko yote, wala si mwisho watu wameshachoka. Na ahadi bado si pesa! Wiki ile ile kila aliyejaza kadi alipata barua ya shukrani iliyoandikwa kwa mkono na mwanamuziki, mimi peke yangu niliandika arobaini, na waliochelewa kulipa tukawapigia kwa adabu. Wengi walilipa kwa sababu ya barua, waliniambia wenyewe. Besi zilipofika tukawaalika waje wazisikie mazoezini, waliokuja wakazigusa, mmoja akauliza mwakani mnahitaji nini.

Na wewe dada uliyeniandikia, umesema mmeshampata baritoni, mwimbaji wa kiume wa sauti ya kati, na mkataba uko mezani. Usisaini leo. Muulize kwanza kila aria anaiimba kii gani, anatumia toleo lipi, na kama atabaki jukwaani mnapoomba. Akijibu nitumie, mtunza noti wetu amesema atakuangalizia.