Maswali na Majibu: Katamarani ipi inafaa kujifunzia peke yangu?

Swali: Mimi ni mwalimu hapa Ujiji, nina uzito wa kilo 68. Nimepiga kasia tangu utotoni na sasa nataka kujifunza kuendesha chombo cha tanga peke yangu. Nimeoneshwa katamarani (chombo chenye mbavu mbili zinazoelea, zilizounganishwa) mbili zilizotumika, Hobie 16 na Hobie Wave. Hobie 16 ina kasi zaidi na bei yake ni nafuu. Ninunue ipi?

Jibu: Mwalimu, ningekushauri uchukue Wave, kwa sababu ya siku ile chombo kitakapolala ubavu nawe uko majini peke yako. Katamarani hutulia kwa upana wake, kama mitumbwi miwili ambayo wavuvi wetu wa dagaa huiunganisha kwa miti, lakini upana huohuo huifanya iwe ngumu kuinuliwa ikishapinduka. Hobie 16 ina urefu wa mita 5, uzito wa kilo 145 hivi na matanga mawili, nayo ilibuniwa kwa mabaharia wawili. Wave haifiki mita 4, ina tanga moja, na plastiki yake ngumu huvumilia mawe ya fukwe zetu.

Hata hivyo, kabla hujalipa, ipelekeni penye kina kinachouzidi mlingoti, mtumbwi mwingine ukiwa karibu, muipindue makusudi. Legeza kwanza demani, yaani kamba ya kukazia tanga, kwani tanga lililokazwa hubeba maji, kisha elekeza omo (sehemu ya mbele ya chombo) kwenye upepo. Pitisha kamba ya kuinulia juu ya ubavu ulio hewani, simama juu ya ule ulio majini, halafu jilaze nyuma mpaka mgongo ukaribie maji. Usivute kwa mikono. Kazi hiyo ni ya uzito wa mwili. Tanga hutoka polepole mno huku likichuruzika maji, na wengi hukata tamaa wakiwa wamebakiza kidogo. Upepo ukishaingia chini ya tanga, chombo hurudi kwa ghafla, kwa hiyo kishike mara moja kisiondoke bila wewe. Ukishindwa, jaribu na mfuko maalumu unaojazwa maji na kufungwa kwenye kamba hiyo ili kukuongezea uzito. Ukishindwa hata hivyo, usiinunue.

Katika kubisha, yaani kugeuza chombo omo ikivuka upepo, usikate kona kwa ghafla, maana chombo chepesi hupoteza mwendo upesi kikakwama omo ikiwa kwenye upepo. Kikikwama, kiache kirudi nyuma huku umegeuza usukani kinyume, omo itazunguka.

Ikiwa moyo wako bado uko kwenye Hobie 16, ibonyeze sitaha kwa kidole gumba, hasa karibu na nguzo za mbele zinazobeba jukwaa la kukalia: ikibonyea, tabaka za fiba zimeachana na povu la ndani.

Kusi ya Mei hadi Septemba huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo katika upande wetu wa Ziwa Tanganyika chombo kilichokushinda husukumwa mbali na nchi kavu, penye maji ambayo nanga yako haifiki chini. Jifunzie ndani ya ghuba ya Kigoma upepo ukiwa mdogo, vaa jaketi okozi, mwachie mtu wa nchi kavu saa utakayorudi, na ukipinduka usikiache chombo ukaogelea.