Jiwe juu ya picha: maswali yenu kuhusu teksicha

Ile picha ya mvuvi wa Igombe niliyoilazia teksicha ya jiwe, yaani picha ya uso wenye mikwaruzo inayowekwa juu ya picha nyingine, imeniletea maswali mengi. Najibu machache.

Kaka, hizo teksicha unanunua wapi? (Nyamanoro)
Sinunui hata moja. Mwanza tunalala na kuamka juu ya mawe, halafu nikapakue ukuta wa Ulaya? Toka nyuma ya nyumba asubuhi jua likishachomoza tu, au jioni jua likielekea kuzama. Mwanga ukija kwa ubavu, kila chembe ya jiwe inatupa kivuli chake. Saa sita mchana jiwe lilelile ni bapa kama chapati. Simu iwe sambamba na jiwe, vinginevyo pembe moja itakuwa na ukungu. Ninazo pia mbao za mtumbwi zilizobambuka rangi, mabati yenye kutu, chanja za dagaa, na magamba ya sangara niliyopiga Mwaloni Kirumba. Hapo omba ruhusa kwanza, na usivae shati la kanisani.

Nikiweka jiwe juu, mtu anapotea, nabaki na jiwe. (Igoma)
Hujabadilisha namna tabaka, yaani picha zilizolaliana, zinavyochanganyika kwenye programu. Chagua mtindo wa ovalei (Overlay): kijivu cha katikati cha teksicha hakibadilishi kitu, kilichokolea zaidi ya hapo kinatia giza, kilichofifia kinang'arisha. Mtindo wa malitiplai (Multiply) unaificha nyeupe ya teksicha, kwa hiyo unafaa michirizi ya wino kwenye karatasi. Mtindo wa skrini (Screen) unaificha nyeusi. Jaribu matone ya maji uliyopiga mbele ya kitambaa cheusi. Ila kwanza itoe teksicha rangi, ibaki nyeusi na nyeupe, la sivyo kutu itahamia kwenye ngozi ya mtu. Kisha shusha ukolezo wa teksicha (Opacity) hadi asilimia 30 hivi, kanywe chai, urudi uitazame upya. Mara nyingi utashusha tena. Kwenye simu programu ya kuhariri picha ya Snapseed inatosha. Kwenye kompyuta kuna programu ya GIMP, nayo ni ya bure.

Mteja kalalamika, bibi harusi ametokea na mapele! (Buzuruga)
Ana haki. Weka maski (Mask, kifuniko cha kuficha sehemu ya tabaka) kwenye tabaka la teksicha, chukua brashi pana yenye kingo laini, paka nyeusi usoni na mikononi. Teksicha itajificha hapo bila kufutwa. Ukijuta, paka nyeupe irudi. Mimi harusi siziwekei kabisa. Mikwaruzo nawaachia wazee, mitumbwi na majengo.

Nikituma WhatsApp inavurugika. (Sengerema)
Tuma kama dokumenti. WhatsApp ikiibana picha ili iwe nyepesi, vimikwaruzo vidogo ndivyo vya kwanza kusagwa.

Naweza kuichapa kubwa ya ukutani? (Nansio)
Unaweza, mradi teksicha yenyewe iwe na ukubwa sawa na picha; ukiivuta itaonekana imepakwa uji. Na karatasi haina taa kama kioo cha simu, hivyo ongeza mwanga kidogo, uchape kipande cha majaribio kwanza. Mimi nilijifanya najua, nikachapa Jiwe la Bismarck wakati wa machweo bila kujaribu. Fundi alilikunjua, akaniuliza kama nimefungua biashara ya mkaa.