Maswali na majibu: Oilers wa Stavanger, mafuta na mikeka yenu

Makala yangu ya mwezi uliopita kuhusu jinsi Stavanger Oilers, klabu ya hoki ya barafu ya Norway, walivyotwaa ubingwa mara sita mfululizo, niliiandika nikiamini itasomwa na watu sita, mmoja wao akiwa mke wangu. Kumbe nilijidanganya. Maswali yamemiminika, na karibu nusu yake ni swali lilelile. Naanza nalo ili lituondokee.

Hivi Connor McDavid atabaki Oilers? (Msomaji, Kahama, na wengine wengi)

Mchezaji huyo ni wa Edmonton Oilers, Kanada, klabu iliyobeba Kombe la Stanley, lile la bingwa wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini, mara tano kati ya 1984 na 1990. Mimi niliandika habari za Stavanger, mji wa pwani ya kusini magharibi mwa Norway. Majina yamefanana kwa sababu miji yote miwili inakula kwa mafuta. Mtu akikuuliza habari za Simba, humpeleki Serengeti. Someni kichwa cha habari kwanza, jamani.

Umeandika kurasa nzima kuzunguka ukweli. Si useme tu kwamba ni pesa za mafuta? (Msomaji, Mtwara)

Mtwara mnajua habari za gesi, kwa hiyo nakuelewa unakotokea. Lakini twende taratibu.

Ni kweli Stavanger ni mji wa mafuta. Zamani ulikuwa mji wa dagaa wa makopo, mpaka leo wana makumbusho ya viwanda hivyo. Mwishoni mwa 1969 yakapatikana mafuta ya Ekofisk katika Bahari ya Kaskazini, 1972 serikali ikaanzisha Statoil na makao yake yakawekwa hapohapo Stavanger. Ndiyo hii inayoitwa Equinor tangu 2018. Pesa ipo, sibishi.

Sasa angalia tarehe. Klabu ilizaliwa mwanzoni mwa karne hii. Mafuta yalikuwepo miaka thelathini kabla yake na hayakuleta ubingwa wowote wa Oilers, kwa sababu Oilers hawakuwepo. Ubingwa wa kwanza ukaja 2010. Mwaka 2011 Sparta Warriors wa Sarpsborg wakawanyang'anya. Halafu Oilers wakaanza 2012 na hawakusimama mpaka 2017: makombe sita mfululizo.

Katikati ya mfululizo huo mafuta yalifanya nini? Yalianguka. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100, Januari 2016 likashuka chini ya dola 30. Watu wa Stavanger walipoteza kazi kwa maelfu. Oilers wakachukua ubingwa wa 2015, wa 2016 na wa 2017. Bei ikaanza kupanda tena, na ubingwa wa 2018 ukaenda Storhamar wa Hamar, wa 2019 ukaenda Frisk Asker. Kama mafuta ndiyo yanayofunga mabao, basi yalikuwa yanafunga kinyumenyume.

Mimi nasema kilichowabeba ni vitu viwili ambavyo hapa kwetu tunaviona havina mvuto. Cha kwanza ni kocha aliyeachwa afanye kazi. Petter Thoresen, aliyecheza Olimpiki tano kuanzia 1980 mpaka 1994, aliifundisha timu kwa miaka, akaondoka 2016 kwenda timu ya taifa. Makombe sita ni yake, kuanzia lile la 2010 mpaka la 2016. La 2017 lilichukuliwa na Pål Gulbrandsen aliyempokea, na hicho ndicho kipimo halisi: fundi ameondoka na nyumba haikuvuja. Cha pili ni ukumbi. Mwaka 2012 walihamia DNB Arena, yenye nafasi ya watu zaidi ya 4,000, kutoka Siddishallen iliyokuwa imechakaa. Hesabu tena: ukumbi 2012, na kuanzia 2013 mpaka 2017 hakuna kombe lililowaponyoka. Timu yenye pa kuchezea, pa kuuza tiketi na pa kufanyia mazoezi kila siku haifanani na timu inayopanga foleni kuomba uwanja.

Na ukumbuke walikuwa na mzigo ambao wapinzani wao hawakuwa nao. Hoki ya Norway ni mchezo wa upande wa mashariki: Oslo, Hamar, Lillehammer, Sarpsborg. Wao wanatembeleana kwa basi na kurudi kulala nyumbani. Kutoka Stavanger hadi Oslo kwa gari ni saa saba au nane, kwa hiyo safari nyingi ni za ndege.

Bosi, nipe mkeka wa uhakika wa hoki ya Norway wikendi hii. (Msomaji hakutaja mji)

Sina. Na ningekuwa nao nisingekupa bure.

Nakupa onyo badala yake, kwa sababu wiki hii pekee nimepokea malalamiko manne ya watu "walioibiwa". Hamkuibiwa. Hoki ina vipindi vitatu vya dakika 20. Mkishaona ile 1, X na 2 (ushindi wa nyumbani, sare, ushindi wa ugenini), hiyo karibu kila mara ni matokeo ya dakika 60. Mechi ikienda sare, wanacheza nyongeza wakiwa watatu kwa watatu, ikishindikana wanapiga penalti. Timu yako inaweza kushinda hapo, mashabiki wakaimba, na mkeka wako umeshachanika kitambo kwa sababu dakika 60 ziliisha sare. Anayeshinda ndani ya muda wa kawaida anapata pointi tatu, wa nyongeza mbili, na aliyefungwa kwenye nyongeza anaambulia moja. Kama hili hukulijua, ulikuwa unacheza kamari juu ya mchezo usiojua hata jinsi unavyohesabiwa.

Jambo moja la kuongezea ambalo hukuuliza: Norway kampuni ya michezo ya kubahatisha ni ya serikali, na sehemu ya faida yake inarudi kujenga viwanja na kumbi za michezo. Ya kwenu inarudi wapi? Angalia fulana za timu unazoshabikia, kisha angalia uwanja wa shule ya mtaani kwako.

Lakini wana tajiri wao. Bila tajiri wangefika wapi? (Msomaji, Mwanza)

Wapo naye, anaitwa Tore Christiansen, mfanyabiashara, na hakuna anayeisimulia Oilers bila kumtaja. Ametia pesa, na ametia kwa muda mrefu. Hapo naomba radhi, kwa sababu makala ya kwanza nilimgusa kwa mstari mmoja tu.

Ila "wao" na "wake" zinatofautiana. Kwa kanuni za shirikisho la michezo la Norway, klabu ni mali ya wanachama. Haiuzwi kama duka. Tajiri anaweza kumiliki kampuni inayoendesha biashara ya timu kubwa kwa mkataba na klabu, basi. Akichoka, kampuni ni yake, klabu inabaki kwa watoto wa Stavanger.

Nimesema mara ngapi kwenye ukurasa huu kwamba hatari haiko kwa tajiri, iko kwenye mkataba? Kila tunapoletewa mwekezaji, swali letu la kwanza ni "ataleta nani dirisha dogo". Hakuna anayeuliza akiondoka anaondoka na nini. Hata hao Oilers siwapi cheti kamili: klabu inayomtegemea mtu mmoja kwa miaka mingi namna hiyo inalala na jicho moja wazi, kanuni ziwepo zisiwepo.

Kwa nini kipa wao alitoka golini dakika za mwisho? Aliumia? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Walikuwa nyuma, wakamtoa aingie mshambuliaji wa sita. Lango tupu ni kamari ya kocha.

Nimeona msimu fulani Storhamar ndio waliongoza ligi lakini bingwa akawa Stavanger. Nani anadanganya? (Msomaji, Dodoma)

Hakuna anayedanganya, dada yangu, na swali lako ni zuri. Norway wana vitu viwili. Ligi ya kawaida inatoa kinara wa ligi. Halafu timu za juu zinaingia mtoano, na huko mnakutana mpaka mmoja ashinde mechi nne kati ya saba. Anayebaki amesimama ndiye bingwa wa Norway. Kinara anafaidika kwa kuanzia nyumbani, na mechi ya saba, ikifika, inachezwa kwake.

Kwa hiyo unaweza kuwa bora kuanzia Septemba mpaka Machi, ukavurunda wiki mbili, ukapewa pole. Mimi naupenda utaratibu huo, ingawa najua wengi wenu mtanipinga. Makombe sita mfululizo kwenye ligi ya kuhesabu pointi ni kazi kubwa. Kwenye mtoano, ambako kipa mmoja mwenye homa anaweza kukumaliza, ni kazi ya ajabu. Msimu wa 2020 mtoano haukuchezwa kabisa kwa sababu ya korona, na 2021 pia bingwa hakupatikana. Oilers wakarudi kileleni 2022.

Tunaishi Sandnes, jirani na Stavanger. Mwanangu ana miaka tisa, anacheza hoki. Timu yake inashinda kila wiki lakini hakuna msimamo wa ligi wala kombe. Nimemuuliza kocha, akacheka. Nifanye nini? (Mama, Norway)

Mama, mwache kocha acheke, yuko sahihi. Norway wana kanuni za michezo ya watoto tangu 1987, na zinahusu michezo yote. Misimamo na orodha za washindi hazitumiki mpaka mtoto afike mwaka wa kutimiza miaka 11. Mashindano ya ubingwa yanasubiri miaka 13. Mtoto wa miaka tisa anatakiwa acheze, aanguke, ainuke, arudi wiki ijayo akiwa bado anapenda.

Najua unachowaza: watapataje mabingwa hivyo? Mats Zuccarello alikulia katika mfumo huohuo, mtoto mfupi wa Oslo, akapita Frisk Asker, akaenda Sweden, akafika New York Rangers. Hakukuwa na mtu wa kumvisha ubingwa akiwa na miaka minane.

Wazazi wetu, hasa tulio ughaibuni, tuna ugonjwa wa kumgeuza mtoto kuwa tiketi ya bahati nasibu. Nimeshuhudia baba akimfokea mtoto pembezoni mwa uwanja kwa Kiswahili, akidhani hakuna anayemwelewa. Mtoto alikuwa anaelewa. Usifike huko.

Badala ya kuuliza msimamo, uliza zamu yako ya *dugnad* ni lini. Huo ni msaragambo wao: mzazi anauza kahawa na maandazi kwenye kibanda, anafungua mlango wa ukumbi, anaendesha gari la watoto. Vifaa vya mchezo huu ni ghali, na pesa za vibanda hivyo husaidia kumvalisha mtoto wa mwenzako. Ukikwepa zamu watu hawakwambii kitu. Wanaandika tu kichwani.

Kwa nini wanapigana na refa anatazama? (Msomaji, Zanzibar)

Umetazama video za Marekani. Kwa kanuni za kimataifa anayepigana anatolewa nje ya mchezo.

Nairobi tuna timu. Tunaweza kufuata njia ya Stavanger? (Msomaji, Nairobi)

Ice Lions nawajua na nawaheshimu. Wamejifunzia kwenye uwanja wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambao ni mdogo kuliko uwanja kamili wenye urefu wa mita 60. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakakuta Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa hoki wa Kanada, wanawasubiri wavae jezi yao. Kenya sasa ni mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa, tangu 2024.

Ila nitasema lisilopendwa: video ya Crosby mliifurahia kuliko ilivyowasaidia. Stavanger haina barafu ya asili ya kutegemea kama nyinyi msivyo nayo. Wote mnategemea mashine. Tofauti ni kwamba wao wana ukumbi wao, nyinyi mko kwa mwenye hoteli. Siku akiamua umeme ni ghali, hoki ya Kenya imekwisha. Kabla ya kocha wa kigeni, kabla ya safari nyingine, tafuteni barafu ambayo hakuna anayeweza kuwazimia.

Kama ni wakali kiasi hicho, mbona hatuwasikii Ulaya? (Msomaji, Arusha)

Hukusikia kwa sababu hukuwa unasikiliza. Januari 2014 walishinda Kombe la Continental, klabu ya kwanza ya Norway kufanya hivyo. Si kombe la kwanza kwa ukubwa Ulaya, ni la ngazi ya pili, na sitalipamba. Msimu uliofuata wakaingia Ligi ya Mabingwa ya Hoki ilipoanzishwa upya, wakakutana na timu za nchi zenye wachezaji wengi na ligi tajiri zaidi. Huko ndiko walikojua kimo chao.

Naenda Stavanger kikazi mwezi wa kwanza, nitakwenda kuona mechi. Nivae nini kwa hiyo theluji? (Msomaji, Dar es Salaam)

Theluji unaweza usiione. Stavanger Januari ni mvua na upepo wa bahari, kwa hiyo beba koti la mvua na uache mwavuli nyumbani, utageuzwa ndani nje hatua ya kwanza. Sweta zito livae ukifika ukumbini. Baridi iko ndani.