Simama Kama Umebeba Ndoo

Nilikuwa na miaka 46 nilipoacha ajira ya uhasibu nikaingia kufundisha yoga, hapa hapa Dar es Salaam. Nawaandikia ninyi mliovuka arobaini, ambao mmeanza mafunzo au mmeshika cheti juzi na bado mnaona haya kuitwa walimu.

Mafunzo ya saa 200, ambayo ndiyo ngazi ya kwanza inayosajiliwa na Yoga Alliance ya Marekani, niliyasoma wikiendi kwa miezi saba. Mtajifunza mikao, pumzi, mifupa na misuli, na falsafa ya Patanjali, mwandishi wa kale wa yoga huko India, kidogo. Someni kwa bidii, lakini cheti hakitawafundisha kumtazama mtu.

Mimi nilisomeshwa kwa Kiingereza. Darasa langu la kwanza lilikuwa la kina mama wa mtaani, na nilipoanza kutaja majina ya mikao waliniangalia tu. Nikawaambia: "Simameni kama mmebeba ndoo ya maji kichwani." Ukumbi mzima ukanyooka. Shingo zikarefuka, mabega yakashuka, miguu ikashika sakafu, na hakuna niliyemgusa. Tangu siku hiyo natafuta maneno yangu jikoni, kisimani na shambani. Nikitaka watoe pumzi polepole, nasema wapulize chai ya moto. Andaeni maneno yenu mapema, kwa Kiswahili, na myaseme kwa sauti nyumbani mpaka yazoeleke mdomoni.

Msimshike mtu kabla ya kumwomba. Miezi ya mwanzo nilimkandamiza mama mmoja mgongoni akiwa ameinama, nikidhani namsaidia. Mgongo ulimuuma wiki nzima, na alikuja kuniambia baada ya muda mrefu kwa sababu aliniheshimu. Bado naumia nikikumbuka. Sasa kabla ya darasa nauliza presha, magoti, mgongo, ujauzito. Mwenye presha simwinamishi kichwa chini wala simwambii abane pumzi. Mwenye goti bovu namkunjia blanketi chini yake. Hapo ndipo umri wetu unapofaa: mtu wa miaka 55 humweleza maumivu yake mwalimu ambaye naye huinuka sakafuni kwa kushika goti.

Mtaulizwa kama yoga ni dini. Msikwepe. Ilizaliwa India, imefungamana na mapokeo ya Kihindu, na majina ya mikao ni ya Kisanskriti. Mimi hueleza hivyo, kisha nasema darasani kwangu tunafanya mazoezi ya mwili na pumzi, hatuimbi mantra, yale maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa. Ambaye dhamiri yake bado inamsuta, namuaga kwa heshima.

Kuhusu fedha, msiache mshahara siku ya kupokea cheti. Baada ya kuacha ajira niliendelea kuandika hesabu za maduka mawili kwa miaka miwili, jioni, na ndizo zilizolipa kodi ya nyumba.

Na msipunguze mapumziko ya mwisho hata kama muda umebana. Dakika tano ni chache mno, mimi natoa kumi. Nina mwanafunzi muuguzi anayekuja akitoka zamu ya usiku. Akishalala chali tu, usingizi humchukua. Namfunika khanga, nawaomba wenzake wakunje mikeka taratibu, nami nakaa naye mpaka aamke mwenyewe.