Maswali ya Wasomaji: Gari la Umeme Likivuka Mpaka

SWALI: Nina Nissan Leaf ya uniti 40 (kWh) iliyoagizwa Japani. Nitafika Arusha kutoka Nairobi kupitia Namanga bila kukwama?

JIBU: Utafika, ila usiwekee matumaini chaja za haraka. Tundu la Leaf yako ni CHAdeMO, la Kijapani, na vituo vipya vingi hufungwa plagi za CCS2 ya Ulaya au GB/T ya China. Ukipiga simu kituoni, taja plagi kwa jina. Ukiuliza tu kama wanachaji magari ya umeme, utaambiwa ndiyo, kisha ufike ukute haiingii.

Piga hesabu. Hadi Namanga ni kama kilomita 165. Ukienda 80 kwa saa, gari hula takriban uniti 15 kila kilomita 100, yaani 25. Kutoka hapo hadi Arusha ni kama kilomita 110, uniti 17 nyingine. Jumla 42, na betri hiyo hata ikiwa mpya hutoa kama 37 tu. Kwa hiyo lala Namanga. Soketi ya kawaida ikivutwa ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3, baada ya upotevu, kama uniti 2 huingia kila saa. Uniti 15, zikiwa pamoja na akiba, ni saa saba na nusu. Kurudi, ongeza uniti mbili au tatu, maana Nairobi iko juu zaidi.

Hapa ndipo wengi huunguza plagi: waya unaokuja na gari kutoka Japani kwa kawaida ni wa volti 200, na huvuta ampea 15. Fundi hukata kichwa, akafunga plagi ya ampea 13, na fyuzi inaweza kukatika usiku wa manane. Ikiwa soketi imelegea, huyeyuka kabla fyuzi haijakatika. Nunua waya unaoweza kushushwa hadi ampea 10 au 8, na baada ya dakika 20 shika plagi: ikichoma mkono, shusha.

Bima: beba Kadi ya Njano, bima ya gari ya kuvukia mpaka ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika). Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kadi bado inatambuliwa.

SWALI: Mimi ni bodaboda Busia. Betri yangu ni ya volti 72 na ya kampuni ya upande wa Uganda pia ni 72. Mbona hazibadilishani?

JIBU: "72" ni jina tu. Betri ya seli 20 za NMC (lithiamu yenye nikeli, manganizi na kobalti) ikijaa huwa volti 84. Ya seli 24 za LFP (lithiamu, chuma na fosfeti) hufika 87.6. Ukiichomeka ya kwanza kwenye chaja ya pili, kinga ya mwisho ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya betri, na ikishindwa, moto. Kompyuta hiyo hiyo husalimiana na pikipiki kabla ya kutoa umeme. Salamu ikikosewa, betri hubaki kimya hata kama imejaa. Tena betri ya kukodi ni mali ya kampuni, si yako, na kwa forodha hilo lina uzito wake.

Japani, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki walikubaliana kiwango kimoja cha betri ya kubadilisha Machi 2021. Kwa maoni yetu nchi za Afrika Mashariki zianze hapo hapo: volti, umbo la plagi na lugha ya betri, kabla ya kuhesabu vituo. Na usifungue betri kuunga waya mwenyewe.

SWALI: Gari langu la China lina GB/T. Adapta ya CCS2 itanifaa?

JIBU: Ya AC (umeme wa soketi, kuchaji polepole) haina taabu: matundu ni saba pande zote mbili, umbo ni karibu lile lile, ila dume na jike vimegeuzwa. Ya DC (chaja za haraka) ni mkalimani kamili, kwa kuwa GB/T huongea kwa CAN (mtandao wa mawasiliano wa magari) na CCS2 kwa ishara zinazopita juu ya waya wa pailoti, yaani waya mdogo wa kudhibiti uchaji. Soma ampea na volti zilizoandikwa kwenye adapta, zisiwe chini ya za chaja, na usiichomoe kabla chaja haijasimama kabisa.