Muulize Bibi wa Kirumba: Ndugu aliyebaki ziwani

SWALI: Shikamoo Bibi. Kaka yetu mkubwa alipanda meli ya MV Bukoba kwenye bandari ya Kemondo jioni ya 20 Mei 1996, akileta ndizi Mwanza, na kesho yake meli ikazama Ziwa Victoria. Mwili haukupatikana. Sasa baba amezeeka, anataka kaburi la mwanawe liwepo kibanjani kabla hajafa. Baba wadogo wanasema tuzike shina la mgomba badala ya mwili. Dada yetu ameokoka, anasema huo ni upagani na hatakanyaga. Binti wa marehemu, aliyezaliwa baba yake ameshafariki, yeye anataka kwenda Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa na meli ile huko Mwanza, tarehe 21 Mei. Tumfuate nani?
– Mdogo mtu, Bukoba

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni. Pole ya msiba huo haijawahi kuchelewa.

Mwaka ule nilikuwa na genge la chai karibu na bandari hapa Mwanza. Jumanne ile wateja wangu wengi walikuwa watu waliokuja kupokea ndugu zao na mikungu yao. Siku zilizofuata wakaanza kufika ndugu kutoka kwenu kwa barabara, kupitia Biharamulo na Geita. Walipofika Busisi iliwabidi wavuke maji kwa kivuko, na kuna mama aliniambia alifumba macho mwanzo hadi mwisho. Chai nilimpa, hakuinywa.

Kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Unasema mwili haukupatikana. Una hakika? Au haukutambuliwa? Mwili uliokaa majini siku kadhaa hata mama mzazi anaweza kuupita. Pale Igoma wamelala pia watu wasiotambuliwa, na kaka yako anaweza kuwa mmoja wao. Msiseme hana kaburi. Semeni hamjui kama ni lile.

Na msihangaike mkikosa jina lake kwenye karatasi yoyote. Orodha ya abiria ilikuwa na watu 443, wote wa daraja la kwanza na la pili, wakati meli ilitengenezewa abiria 430. Daraja la tatu, walikojazana wachuuzi kama kaka yako, halikuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo tunasema tu walikufa zaidi ya 800. Hapo ndipo mimi hukasirika, maana kila aliyekufa alikuwa na jina.

Sasa ugomvi wenu. Binti aende Igoma, hilo lisijadiliwe, na umsindikize wewe. Atakuuliza baba yake alikufaje, nawe umwambie ukweli, usimfiche kama mtoto mdogo. Meli ililala ubavu ikapinduka alfajiri wakiwa wamekaribia Mwanza. Kwa muda tumbo lake lilibaki juu ya maji, na waliokwama ndani walisikika wakigonga. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, meli ikazama. Watu walitaka kuokoa. Mwambie na hilo, asije akalisikia nusunusu kwa watu wa vijiweni.

Mkiwa Igoma, ombeni ruhusa kwa wanaopatunza mchukue udongo kidogo, hata wa kujaa kitambaa. Huo ndio mtakaouzika kibanjani kwa baba. Wekeni msalaba na jina lake lote, mwaka wa kuzaliwa, na maneno "Alifariki Ziwa Victoria, 21.5.1996". Misa ya marehemu husomwa hata pasipo na mwili, muoneni paroko.

Mgomba mimi sina ugomvi nao. Majirani zetu Waluo, mtu wao asipopatikana, huzika tunda la mvungunya wanaloliita yago, na wamelia vilevile kama sisi. Ila kwa kuwa udongo upo na dada hataukataa, kwa nini mzee azike mwanawe huku watoto wake waliobaki hawasemezani? Baba wadogo waambieni Bibi amewaomba, na mkungu mmoja wa kupikia wageni watoe wao.

SWALI: Bibi, ni mwalimu wa msingi. Mwanafunzi kaniuliza mbona Nyerere na Karume wana sikukuu, Sokoine hana. Nikakosa jibu.
– Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mpe alama huyo mtoto. Tarehe 7 Aprili ni ya Karume aliyeuawa mwaka 1972, na 14 Oktoba ni ya Mwalimu aliyefia London mwaka 1999. Hao walikuwa marais, na siku zao zimo kwenye orodha ya sikukuu za taifa. Sokoine alikuwa Waziri Mkuu alipopata ajali Dakawa, 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Amezikwa kwao Monduli. Jina lake limepewa chuo kikuu cha kilimo hapo hapo kwenu, na uwanja wa mpira Mbeya.

Kama hiyo inatosha au haitoshi, darasa lijadili, ila mimi nasema haitoshi. Nanyi mko karibu na Dakawa kuliko mtu yeyote anayenisoma: kodini Hiace, muwapeleke watoto wakaongee na wazee wanaoikumbuka siku ile.